Ngozi Kwanza, Udongo wa Pili: Kupata Mtindo Wako wa Kuhariri Picha za Harusi Mutshatsha

Mpiga picha za harusi anayeanza kazi Mutshatsha au Kolwezi mara nyingi huutafuta mtindo wake kwenye simu. Anapitia kurasa za wapiga picha wa Ulaya na Afrika Kusini, kisha ananunua au anaomba kwa rafiki mipangilio ya rangi iliyotengenezwa tayari, ile ambayo mafundi huiita priseti. Anabonyeza mara moja na harusi nzima inabadilika: vivuli vinapauka, majani yanageuka kahawia, na bibi harusi wa maji ya kunde anatoka na uso wa rangi ya chungwa. Wazazi wanapokea picha wasizoweza kumtambua mtoto wao ndani yake.

Mtindo wa kuhariri ni maamuzi machache kuhusu rangi na mwanga. Unayafanya kwa kuwatazama watu wako na ardhi yako, kisha unayashikilia tangu picha ya kwanza ya posa hadi dansi ya mwisho ukumbini. Hapa mkoani Lualaba maamuzi hayo yana mpangilio: ngozi kwanza, udongo wa pili, nguo ya tatu. Ukifuata mpangilio huo, mtindo unakuja wenyewe, na utakuwa wako kwa sababu umetoka hapa.

Kwa nini priseti ya kununua inatushinda

Shida hii ina historia. Kwa miaka mingi maabara za kuchapisha filamu za Kodak zilipima usahihi wa rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Kadi hizo zilijulikana kwa jina la Shirley. Mashine ikimtoa yeye vizuri, ilihesabiwa kuwa imekaa sawa, na mwenye ngozi nyeusi alitoka vyovyote alivyotoka. Kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilikuja miaka ya 1990. Hata katika kamera na simu za leo kazi haijaisha: mwaka 2022 ndipo Google ilipotangaza kipimo cha ngozi chenye rangi 10, kilichoandaliwa na mwanasosholojia Ellis Monk wa Chuo Kikuu cha Harvard.

Priseti nyingi zinazouzwa zimejaribiwa kwa ngozi nyeupe, chini ya mawingu, juu ya majani mabichi. Zinatarajia ngozi iwe nyepesi kuliko mazingira yake. Hapa kwetu mara nyingi ni kinyume: ngozi ni nzito kuliko ukuta uliopakwa chokaa, kuliko gauni, kuliko anga la mchana. Usiitupe priseti uliyoinunua. Ifungue, tazama kila kitelezi kilichosogezwa, ujiulize kimesogezwa kwa ajili ya nini. Hivyo unajifunza kwa mwenzako bila kuvaa macho yake.

Panga saa kabla ya kupanga rangi

Mutshatsha iko karibu nyuzi kumi na nusu kusini mwa ikweta. Jua linapita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 20 Oktoba na tena karibu na tarehe 20 Februari. Ukipiga picha saa sita mchana siku hizo, macho ya bwana harusi yanazama kwenye kivuli cha paji la uso, na hakuna uhariri utakaoyarudisha vizuri. Kubaliana na familia tangu mapema: picha za wawili zipigwe asubuhi, au baada ya saa kumi jioni. Mwezi Juni jua huzama mara tu baada ya saa kumi na mbili. Desemba na Januari linachelewa zaidi ya nusu saa. Giza letu halisubiri, kwa hiyo usiahidi kwamba mtapiga "jua likishazama".

Mchana ukikubana, tafuta mwembe, lakini usiwaweke wawili katikati ya kivuli chake. Majani yanamwaga rangi ya kijani juu ya nyuso. Waweke ukingoni mwa kivuli, wakitazama nje kwenye anga lililo wazi. Tazama na ardhi iliyo mbele yao: udongo mwekundu unaopigwa na jua unarudisha mwanga wa chungwa chini ya kidevu na puani. Shuka jeupe likitandikwa mbele yao, nje ya fremu, linaiondoa rangi hiyo na kuleta mwanga laini machoni.

Kwenye kamera, chagua faili za RAW. Gauni jeupe huidanganya kamera ipunguze mwanga, na suti nyeusi huidanganya iongeze. Ngozi nyeusi iliyopigwa gizani na kung'arishwa baadaye kwenye kompyuta hutoka na chembechembe na rangi ya matope. Ipe mwanga wa kutosha palepale, huku ukichunga tu nakshi za gauni zisipotee.

Anza na ngozi

Kila mnapobadilisha mahali, piga fremu moja ya kadi ya kijivu. Usipokuwa nayo, leso nyeupe isiyo na rangi ya buluu ya sabuni itasaidia. Hiyo ndiyo utakayoitumia kurekebisha mizani ya weupe. Usiguse rangi nyingine yoyote kabla ya hatua hii, kwa maana ukianza na mizani mbovu utatumia usiku mzima kurekebisha kosa moja kwa vitelezi kumi.

Hatua ya pili ni mwangaza wa uso, na ya tatu ni mkondo wa chungwa na nyekundu, ambako ngozi zetu zote zinakaa. Sogeza kidogo kidogo. Ngozi ya kahawia iliyoiva ina wekundu ndani yake. Ukiupunguza sana inakuwa majivu, ukiuzidisha mtu anaonekana ameungua. Shavu na paji la uso vina mng'aro wa asili. Uache, kwa sababu ndio unaoupa uso umbo.

Bwana na bibi harusi mara nyingi hawafanani rangi. Mmoja ni mweusi wa kung'aa, mwingine ni maji ya kunde. Usiwavute wote wafike katikati. Programu nyingi sasa zinaweza kumtenga kila mtu peke yake. Mpe kila mmoja mwanga unaomfaa, na tofauti yao ibaki ionekane, kwa kuwa ndivyo walivyo.

Utaombwa na wengine uwafanye weupe. Jibu ombi hilo kwa heshima, na kwa mwanga. Anayesema "ning'arishe" mara nyingi amechoka kuonekana kama kivuli kwenye picha za harusi za watu wengine. Msogeze dirishani, mgeuze uso uelekee mwanga, kisha mwonyeshe kwenye kioo cha kamera. Akijiona vizuri ombi linaisha. Kumbadilishia mtu ngozi si mtindo, na albamu hiyo itamuuliza maswali akiwa mzee.

Poda nayo inahitaji macho. Uso uliopakwa rangi nyepesi kuliko shingo hupauka zaidi ukipigwa flashi. Mwombe mpambaji mapema, kwa adabu, atazame kazi yake karibu na dirisha kabla bibi harusi hajatoka chumbani. Unapolainisha ngozi kwenye kompyuta, ondoa chunusi ya wiki hii. Usiondoe alama ya kuzaliwa, wala mikunjo ya bibi, wala chale za mzee. Hizo ni za ukoo.

Udongo mwekundu ndio mtihani wa hapa

Somo hili ni gumu kulipata kwenye mafunzo ya mbali. Udongo wetu na ngozi zetu zinakaa kwenye mkondo mmoja wa rangi, ule wa chungwa na nyekundu. Ukiona vumbi la barabara ya taifa namba 39 limekolea mno na ukashusha chungwa kwa picha nzima, umewatia wawili majivu. Ukipandisha chungwa ili ngozi ipate joto, barabara inawaka moto.

Kwa hiyo tenganisha. Maliza ngozi kwanza. Kisha watenge watu, geuza uteuzi ili ushike kila kitu isipokuwa wao, ndipo ushughulike na ardhi. Punguza ukolevu wake kidogo, shusha mwangaza wake ili uwe mzito, halafu amua: je, udongo wako uwe mwekundu kama tofali lililochomwa, au kahawia tulivu? Amua kwa kutazama picha zako nyingi kwa pamoja, kisha usibadilishe. Mtu akizoea kazi yako ataitambua kwa udongo kabla hajasoma jina lako.

Usiufute. Kuna wanaougeuza kuwa kijivu ili mahali paonekane kama ng'ambo. Wawili hawa walizaliwa au walipendana juu ya ardhi hii, na watoto wao watataka kuiona. Vumbi kwenye pindo la gauni nalo liamulie kanuni: liache katika picha za kutembea na kucheza, lisafishe katika picha rasmi ya wazazi.

Mtindo wako lazima uvuke misimu miwili. Kuanzia Mei hadi Septemba nyasi zinakauka, moshi wa mioto ya porini unatanda, na vumbi linalainisha kila kitu. Ongeza kina cha vivuli kwa mkono mwepesi, na uangalie manjano ya nyasi kavu isikaribie mno rangi ya ngozi. Mvua zikija hewa inaoshwa na kijani kinapanda hadi kuumiza macho. Kisogeze kiwe kizito zaidi, upunguze ukolevu, lakini kiendelee kuwa kijani. Hifadhi mipangilio miwili, wa kiangazi na wa masika, yenye ngozi ileile na udongo uleule.

Kikwembe kisibadilike rangi

Familia mbili zimekaa vikao kuchagua vikwembe vya harusi. Zimechanga, zimenunua, zimeshonesha sare. Priseti inayogeuza buluu yote kuwa kijani-buluu inafuta uamuzi wa watu hao wote. Omba kipande kidogo cha kila kikwembe kabla ya siku. Unapohariri, kishike mkononi karibu na dirisha na ukilinganishe na kioo. Kama mtindo wako unakipotosha, mtindo ndio urekebishwe. Uliza pia kama gauni ni jeupe kabisa au lina umanjano wa pembe. Wengi hulihariri likawa la buluu bila kujua.

Nguo inaweza kuwa nguzo ya mtindo wenyewe. Mpiga picha Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako mwaka 1948. Alipiga kwa mwanga wa jua, akitundika vitambaa vya maua nyuma ya wateja wake, cha kwanza kikiwa shuka la kitandani kwake. Picha zake hazina rangi, lakini zinatambulika mara moja kwa jinsi maua ya pazia yanavyokutana na maua ya nguo. Nawe unaweza kukitundika kikwembe cha familia ukutani nyuma ya wazee, ukapata picha ambayo priseti ya dunia nzima haiwezi kuitoa.

Posa, serikali, kanisa, ukumbi: mianga minne, mkono mmoja

Siku ya kutoa mali watu hukaa uani chini ya turubai. Turubai la buluu huwafanya wazee wote waonekane wagonjwa, na kwa sababu mwanga mwingine unaingia kutoka pembeni, kitelezi kimoja hakitoshi kuwaponya. Fika mapema, uombe turubai jeupe, au viti visogezwe ukingoni. Jua na mpangilio wa heshima. Kwa Wandembu na Wachokwe, wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama, mjomba ana neno zito; usimkate kwenye fremu. Piga mbuzi, vyombo na vikwembe vikipokelewa. Kuhusu pesa, uliza kwanza, kwa kuwa kiasi kilichotolewa ni siri ya familia mbili.

Katika ofisi ya serikali taa za ukutani huleta kijani usoni. Hapo una kipimo cha bure: bendera ya taifa. Tangu mwaka 2006 ni ya buluu ya anga, yenye mstari mwekundu na nyota ya manjano. Kama kwenye picha yako buluu hiyo imekuwa kijani, mizani yako imepotoka.

Kanisani tumia mwanga wa madirisha, na umwombe mchungaji au padri ruhusa kuhusu flashi. Ukumbini kuna adui wawili. Wa kwanza ni taa za zambarau na buluu za mpiga muziki, zinazofuta kabisa rangi ya ngozi. Elekeza flashi kwenye dari kama ni jeupe; kama rangi haiwezi kuokolewa, igeuze picha hiyo kuwa nyeusi na nyeupe. Wa pili ni mistari inayopita kwenye picha kwa sababu ya taa zinazopepesa. Umeme wa Kongo ni wa hezi 50, kwa hiyo kasi ya 1/50 au 1/100 mara nyingi huiondoa.

Nyeusi na nyeupe isiwe kificho cha uzembe. Msanii wa picha Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, katika mfululizo wake wa Mémoire wa mwaka 2006 aliwaweka wafanyakazi wa picha za kale, wasio na rangi, ndani ya mabaki ya viwanda vya kampuni ya madini ya Gécamines yaliyopigwa kwa rangi. Kila kilichopoteza rangi na kilichobaki nayo kina sababu. Nawe uwe na sababu.

Uchumba ndio mahali pa kujaribu

Picha za uchumba zisiwe pambo tu la kadi za mwaliko. Ndipo unapojifunza ngozi mbili utakazohariri siku kubwa, na wawili wanapouona mtindo wako kabla ya kulipa kilichobaki. Wapige katika mianga mitatu: kivuli, jua la jioni, na ndani ya nyumba. Wapelekee picha chache zilizokamilika, uwaulize: mnajiona? Mabadiliko yafanyike hapo.

Mahali pazuri hapakosekani, toka ziwa Nzilo hadi uani kwa nyanya. Reli inayopita Mutshatsha kwenda Dilolo inavutia wengi, lakini ni mali ya shirika la reli la SNCC na treni zinapita. Usimweke mtu relini bila ruhusa. Karibu na uzio wa mgodi, daraja au kambi, usitoe kamera kabla hujaongea na wahusika.

Zoezi la kupata mtindo

1. Kusanya picha thelathini za kwako, zikiwa na mianga minne, misimu miwili, na ngozi za aina nyingi kadiri uwezavyo. Zirudishe zote zilivyokuwa kabla ya kuhaririwa.

2. Chagua kumi unazozipenda hata bila uhariri. Andika kwenye daftari zinafanana nini: zina joto au ubaridi, vivuli vizito au vyepesi, watu wako karibu au mbali. Hapo unayaona macho yako yanakopenda kwenda.

3. Hariri picha moja kwa kila mwanga kuanzia sifuri, kwa mpangilio wa ngozi, udongo, nguo. Andika kila namba uliyoisogeza.

4. Lala. Kesho yake zitazame kwenye simu ya bei nafuu, kwa kuwa wageni wengi wataziona humo.

5. Weka maamuzi hayo kwenye picha zote thelathini. Namba inayoharibu ngozi ya mtu hata mmoja, iondoe. Zitakazobaki ni chache, na hizo ndizo mtindo.

6. Zihifadhi kama priseti yako. Fanya nayo kazi msimu mzima bila kuibadilisha, hata ukiona kitu kipya cha kuvutia mtandaoni.

Kukabidhi kazi

Kioo cha kompyuta kikiwa na mwanga mkali, picha zitachapishwa zikiwa giza, na ngozi nyeusi ndiyo itakayoumia kwanza. Punguza mwanga wa kioo, kisha chapisha picha tano za majaribio kwenye maabara utakayotumia kabla ya kuchapisha albamu nzima. Picha za kutuma kwa WhatsApp zitume kama hati, la sivyo programu itazibana na kuharibu toni ulizozihangaikia. Nakili faili kwenye diski mbili usiku uleule, kabla umeme haujakatika, na diski moja ilale nyumba nyingine. Usipandishe chochote mtandaoni kabla familia haijakubali.

Usichanganye mitindo ndani ya albamu moja ili kumfurahisha kila mtu. Bibi harusi aliyekuchagua kwa sababu ya picha za uchumba anastahili kupata rangi zilezile katika harusi. Ukiona mtindo wako umeanza kukuchosha, maliza harusi ulizokwisha ahidi, kisha rudia zoezi kwa picha thelathini mpya. Macho yako yatakuwa yamekua, na ngozi bado itakuwa hatua ya kwanza.